Nilianzisha bendi, sasa wanataka nipige nyuma ya pazia

Shikamoo Shangazi,

Naomba usichapishe jina langu wala la bendi yetu, maana wapenzi wa roki hapa Nairobi ni wachache na karibu wote wanajuana.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nilizaliwa na kulelewa Voi, nikaja Nairobi kusoma na sikurudi tena. Mchana nafanya kazi ya uhasibu, lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, jibu linalonijia kwanza ni kwamba mimi ni mpiga kinanda. Mwalimu wa kwaya alinifundisha nikiwa bado shule ya msingi. Gita la umeme nililisikia kwenye kaseti za mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na tangu hapo nilijua ni muziki gani ninaoutaka.

Bendi tuliianzisha mwaka 2011 tukiwa chuoni. Tulikuwa watatu: mimi, mpiga gita na mpiga ngoma. Mpiga gita nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo nilivyomchukulia miaka yote hii. Siku hizo ukisema unapiga roki, watu walikuuliza kwa nini unaiga Wazungu, na wengine walituuliza waziwazi kama tunaabudu shetani. Tulipiga katika baa ambazo wateja walitupigia kelele tuwape rumba. Amplifaya ya kwanza niliinunua kwa mkopo wa sacco. Mazoezi tulifanyia katika chumba changu cha kupanga mpaka mwenye nyumba akachoka nasi. Mwimbaji na mpiga besi walikuja baadaye, na mimi ndiye niliyewapigia simu. Nyimbo ambazo leo watu huziimba pamoja nasi, muziki wake niliutunga mimi kwenye kinanda, kisha mwimbaji akatia maneno.

Mwaka jana tulipata meneja. Ni kijana mwenye bidii na sitamsingizia. Ametupatia shoo ambazo hatukuwahi kuziota, na sasa kuna kampuni inayotaka kutudhamini kwa ziara ya Mombasa, Arusha na Kampala. Kabla ya mambo ya ziara kuiva, alituita kikao. Akatuonyesha picha zetu kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, akasema bendi ina tatizo la mwonekano. Alizunguka kwanza, kisha akasema wazi: wanne wanaonekana kama bendi ya roki, na mimi naonekana kama mama aliyewasindikiza. Mimi ni mnene, Shangazi. Baada ya mtoto wa pili mwili wangu haukurudi. Navaa miwani. Nywele nasuka kawaida tu, kwa sababu asubuhi naingia ofisini.

Pendekezo lake ni hili. Nitaendelea kupiga studioni. Katika shoo ndogo nitakaa jukwaani kama kawaida. Katika shoo kubwa na za televisheni, kinanda changu kitawekwa pembeni nyuma ya pazia, nami nitapiga kutoka huko. Sitakuwa kwenye mabango, video wala picha za mitandao. Nitaitwa mkurugenzi wa muziki, na mgao wangu wa pesa hautapungua. Akaongeza kwamba hilo si jambo geni, hata Rolling Stones, bendi kubwa ya roki ya Uingereza, walimfanyia hivyo mpiga piano wao, Ian Stewart, naye akakubali na akabaki nao kwa amani hadi kufa kwake.

Hakuna aliyesema neno. Mpiga ngoma aliangalia simu yake. Mwimbaji alitoka kwenda kunywa maji. Usiku Kaka alinipigia simu akaniambia, "Dada, ni picha tu. Muziki bado ni wako." Nilikata simu, na tangu siku hiyo tunaongea mambo ya mazoezi tu.

Nilipewa muda wa kufikiri. Kabla muda huo haujaisha, bango la ziara likatoka mtandaoni. Watu wanne. Binti yangu wa darasa la nne ndiye aliyeliona kwanza kwenye simu ya baba yake. Akaniuliza, "Mama, wamekufukuza?" Sikuwa na jibu.

Mume wangu anasema niondoke leo hii na nichukue nyimbo zangu. Mama yangu anasema Mungu ananirudisha kanisani. Rafiki yangu wa kazini anasema nisiwe mjinga, pesa ni ileile na sina haja ya kuhangaika na vipodozi wala kamera.

Kinachonitatiza zaidi ni jambo ambalo sijamwambia mtu. Meneja aliposema yale maneno, niliumia, lakini pia sehemu yangu moja ilipumua. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikijificha kwenye picha, nikisimama nyuma ya mpiga ngoma ili tumbo lisionekane. Nashindwa kujua kama ninapigania nafasi yangu au ninapigania kitu ambacho hata mimi nilishaanza kukikimbia.

Nikubali? Nikatae waniondoe wenyewe? Niende zangu nianze upya katika umri huu? Meneja anataka jibu kabla ya ziara, na kuna mkataba ambao anataka wote tuutie sahihi.

Ni mimi,
Mpiga Kinanda, Nairobi

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nilipofika pale kwenye bango nilisimama. Kuombwa jambo zito ni kitu kimoja. Kuombwa, ukaambiwa ufikiri, halafu ukaona limeshafanyika, ni kitu kingine. Nataka tuyashike yote mawili bila kuyachanganya, kwa sababu naona katika barua yako yameungana mpaka huwezi kujua ni lipi linalokuumiza kwa kiasi gani.

Nikikuelewa vizuri, hali ni hii. Ulianzisha bendi, ukaigharamia, ukaitungia nyimbo. Sasa imefika mahali pa kuvuna, na umeambiwa mikono yako inatakiwa lakini mwili wako usionekane. Pesa haijaguswa, angalau kwa maneno. Wenzako wamenyamaza. Na wewe mwenyewe, ndani yako, hukubaliani na jibu moja. Kama nimekosea popote, utanirekebisha.

Niruhusu nianze na Ian Stewart, maana meneja wako ndiye aliyemleta mezani, na hadithi aliyokusimulia imekatwa.

Stewart alizaliwa mwaka 1938 Pittenweem, mji mdogo wa wavuvi huko Scotland. Mwaka 1962 mpiga gita Brian Jones alitangaza katika gazeti la Jazz News kwamba anatafuta wanamuziki wa kuunda bendi, na Stewart ndiye aliyejitokeza kwanza, kabla ya mwimbaji Mick Jagger na mpiga gita Keith Richards. Bendi ilipopiga shoo yake ya kwanza katika klabu ya Marquee, London, Julai 12 mwaka huo, yeye alikuwa kwenye piano. Kwa hiyo alikuwa mwanzilishi kamili, kama wewe. Mei 1963 bendi ikapata meneja, Andrew Loog Oldham, kijana wa miaka 19. Huyu aliona kwamba Stewart, mwenye taya pana na mwili wa miraba minne, hafanani na vijana wembamba aliotaka kuwauza kwa mashabiki. Akadai pia kwamba sura sita ni nyingi mno kwa mashabiki kuzikumbuka. Stewart akaondolewa kwenye picha na kwenye orodha ya wanabendi. Akabaki akiendesha gari la vyombo, akipanga safari, na akipiga piano. Alikuwa bado nao alipofariki kwa ugonjwa wa moyo Desemba 12, 1985, akiwa na miaka 47.

Hadi hapo meneja wako hajadanganya. Lakini kuna sehemu alizoziacha.

Stewart hakubaki kama mtu asiye na sauti. Wimbo wa "Wild Horses" ulipokuwa ukirekodiwa, alikataa kuupiga kwa sababu hakuipenda milio ile ya majonzi, akatafutwa mpiga piano mwingine. Alipiga kile alichokiamini, na kwenye "Brown Sugar" piano unayoisikia ni yake. Pia hakufungwa na bendi moja. Led Zeppelin, bendi nyingine kubwa ya roki, walimwita, na kwenye albamu yao ya mwaka 1975 kuna wimbo unaobeba kifupi cha jina lake, "Boogie with Stu". Alikuwa na bendi yake ya pembeni, Rocket 88. Kwa maneno mengine, kukubali kwake kulikuwa na milango iliyoachwa wazi. Je, mkataba unaotakiwa kuutia sahihi unakuachia mlango wowote? Unaruhusiwa kupiga na wengine? Unaweza kukataa wimbo?

Jambo la pili ni zito zaidi. Rolling Stones walipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, mwaka 1989, jina la Stewart liliwekwa pamoja na yao, kwa ombi la bendi yenyewe. Keith Richards amesema zaidi ya mara moja kwamba moyoni mwake bendi ile ni ya Stewart. Maneno mazuri, na naamini yalitoka moyoni. Lakini heshima ile ya 1989 ilimkuta mwenyewe yuko kaburini. Mtu akikuambia "alikaa kwa amani," kumbuka kwamba kufanya kazi vizuri bila malalamiko si ushahidi kwamba mtu hakuumia. Wanawake tunalijua hilo kuliko wengi.

Na la tatu, ambalo kwangu ndilo linalokutofautisha naye kabisa: nyimbo kubwa za bendi ile ziliandikwa kwa jina la Jagger na Richards. Stewart alikuwa mpigaji. Wewe ni mtunzi. Anayetunga ana haki ambazo mpigaji hana, na haki hizo hazitegemei uso wako uko kwenye bango au hauko. Nitarudi hapo.

Kuna mwanamke ambaye hadithi yake ningependa uisikie pia, ingawa hakuwa wa roki. Anaitwa Martha Wash, Mmarekani mwenye sauti ya kupasua paa. Mwaka 1990 sauti yake ilitumika kwenye nyimbo za dansi zilizotikisa dunia, za makundi ya Black Box na C+C Music Factory. Kwenye video walionekana wanawake wembamba wakichezesha midomo. Wash alikuwa mnene, na jina lake halikutajwa. Hakukubali, alikwenda mahakamani. Kesi zilimalizika kwa makubaliano, alilipwa, na ile video ya C+C Music Factory ikawekewa maelezo kwamba sauti ni ya Martha Wash. Sikutajii yeye ili uende mahakamani. Nakutajia ili uone kwamba pale watu walipotaka kutumia kipaji na kuuficha mwili, kumewahi kuwa na zaidi ya njia moja ya kujibu, na njia ya Stewart ni mojawapo tu.

Sasa turudi kwako. Niruhusu niguse mambo machache uliyoyachukulia kuwa yameshathibitika, kwa upole, kama mtu anayekupenda.

Huenda umechukulia kwamba wadhamini ndio wanaotaka usionekane. Nimesoma barua yako nikitafuta mahali waliposema hivyo, sikupata. Aliyesema ni meneja. Inawezekana wadhamini walisema, inawezekana yeye ndiye anayeogopa kwa niaba yao. Kampuni nyingi zinazouza bidhaa hapa kwetu zinauzia akina mama wanaofanana na wewe kuliko zinavyouzia vijana wenye jaketi za ngozi. Ni haki yako kuuliza: nani hasa alisema, na alisema nini? Ukiuliza, uliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida.

Umechukulia pia kwamba kimya cha wenzako ni kura. Huenda ni kura. Huenda vilevile ni woga, au aibu, au mshtuko wa watu waliosikia pendekezo hilo wakati uleule ulipolisikia wewe. Yule aliyetoka kwenda kunywa maji, mimi simjui, lakini si kila anayetoka chumbani anatoka kwa sababu amekubali. Kaka ndiye aliyesema kitu, na alichosema kilikuumiza. "Ni picha tu." Ningependa umuulize alimaanisha nini. Kama ni picha tu, je, yeye yuko tayari kuwa nyuma ya pazia shoo moja ya televisheni, na wewe ukae mbele? Usimuulize kwa kumtega. Muulize kwa sababu jibu lake litakuambia kama anaelewa anachokuomba. Miaka yote hiyo ya urafiki haiwezi kukatwa kwa simu moja ya usiku bila kupewa nafasi ya mazungumzo ya ana kwa ana.

Kisha kuna ile sehemu yako iliyopumua. Mwanangu, usiichukie. Naona umeileta kama vile ni ushahidi dhidi yako, kwamba kwa kuwa uliwahi kujificha nyuma ya mpiga ngoma basi huna haki ya kulalamika ukifichwa nyuma ya pazia. Mimi nayaona haya mambo mawili yana tofauti kubwa. Mtu anayechagua kukaa pembeni anaweza kesho kuchagua kurudi mbele. Mtu aliyewekwa pembeni anahitaji ruhusa. Unaweza kuichoka kamera na wakati huohuo ukakataa kunyang'anywa uamuzi. Hata hivyo nisingependa pia tuipuuze sehemu hiyo. Jiulize: kama mwili wako ungekuwa ule wa 2011, na ukaambiwa unaweza kuwa mkurugenzi wa muziki, usifanye mahojiano, usipigwe picha, ungekubali kwa furaha? Kama jibu ni ndiyo, basi kuna kitu ndani ya pendekezo hili ambacho kweli unakitaka, na kilichobaki ni kukipata kwa masharti yako. Kama jibu ni hapana, basi ile pumzi haikuwa ya furaha, ilikuwa ya uchovu, na mwili uliochoka kutazamwa vibaya unahitaji matunzo kutoka kwako kabla ya kuhitaji pazia.

Tuziangalie njia zako.

Unaweza kukubali. Bendi itaendelea, pesa itaingia, utakuwa na usiku mwingi zaidi na wanao. Hatari yake naiona katika maneno "shoo ndogo" na "shoo kubwa". Leo mpaka uko hapo. Bendi ikikua, shoo ndogo zitakwisha, na mpaka utasogea mpaka usiwe na jukwaa lolote. Hatari nyingine ni kwamba mtu asiyeonekana ni rahisi kumbadilisha. Mashabiki hawatauliza yuko wapi kwa sababu hawakujua alikuwepo. Anayekubali mpango wa namna hii hujikinga kwa karatasi: jina lake liandikwe kwenye kila wimbo na kila tangazo, mpango uwe na tarehe ya kuisha na kujadiliwa upya, na maamuzi ya bendi yasifanyike bila yeye. Cheo cha mkurugenzi wa muziki ni kizuri endapo kuna kitu unachokiongoza. Uliza ni kipi.

Unaweza kukataa na kubaki, ukasema: mimi ni mwanabendi, nitakaa jukwaani, tuzungumze tutaonekanaje sote. Roki yenyewe haina sura moja. Hapa pana nafasi ambayo sijaona kama mmewahi kuijadili, ya kuufanya mwonekano wako uwe sehemu ya bendi badala ya kuwa tatizo lake. Mavazi, taa, mahali kinanda kinapokaa, haya ni mambo ya ufundi na kuna watu wanayajua. Hatari ni kwamba utaingia kwenye ugomvi wa wazi, udhamini unaweza kuponyoka, na ukiponyoka lawama zitakuja kwako hata kama si haki. Pia utahitaji angalau mtu mmoja wa upande wako ndani ya bendi. Kupigania peke yako kila wiki huku una kazi na watoto kunachosha.

Unaweza kuondoka. Mume wako analitaka hili kwa sababu anakupenda na hataki kukuona ukilia. Ni njia safi, na ina heshima yake. Lakini usiondoke ukiwa umeshika mlango kwa hasira, kwa sababu anayeondoka ghafla huacha mezani vitu vyake vingi. "Chukua nyimbo zako" si jambo jepesi kama linavyosikika: maneno ni ya mwimbaji, muziki ni wako, kwa hiyo hata yeye ana haki humo. Na kuanza upya kunataka wapigaji, vyombo, na moyo. Umri haukuzuii, lakini muda wako si ule wa chuoni.

Ipo pia njia ya katikati ambayo hujaitaja: kuomba ziara hii ipite bila wewe kutia sahihi chochote cha kudumu. Ukapiga, au usipige, kwa makubaliano ya ziara hii tu, kisha mkakaa chini mkirudi kutoka Kampala. Faida yake ni kwamba hakuna anayelazimika kuamua mambo ya maisha akiwa ameumia. Hatari yake ni kwamba la muda lina tabia ya kuzoeleka, na bango la watu wanne likizunguka miji mitatu, watu wataizoea bendi ya wanne.

Sasa lile la haki za mtunzi nililosema nitalirudia. Kwa sheria ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya muziki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Hailazimu kusajiliwa, ingawa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi, na cheti hicho husaidia kukitokea ubishi. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki hiyo hubaki yake hata akiuza haki za kibiashara. Tafuta rekodi zako za kwanza, zile za simu ukiwa peke yako kwenye kinanda, ujumbe mliotumiana, tarehe zake. Ziweke mahali pamoja. Angalia kama nyimbo zimeandikishwa kwenye chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi nyimbo zao zinapotumiwa, na kwa majina ya nani. Halafu kuna jina la bendi. Jina la biashara husajiliwa serikalini, na alama ya biashara husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani. Je, lenu limesajiliwa? Kwa jina la nani? Kama bado, wewe na waanzilishi wenzako wawili mna jambo la kuzungumza kabla mtu mwingine hajalizungumza.

Na huo mkataba, tafadhali, upeleke kwa wakili anayeelewa mambo ya sanaa. Wewe ni mhasibu, tarakimu utazisoma vizuri kuliko wao wote. Lakini angalia pia lile lisilo tarakimu: maneno yanayosema kazi zako zote, za zamani na zijazo, zinahamia kwa nani. "Mgao hautapungua" ni kauli ya kikaoni. Iko kwenye karatasi? Mgao wa nini: wa shoo peke yake, au wa nyimbo, matangazo, na mauzo ya mitandaoni?

Kuhusu bango, naona hilo hata halihitaji kusubiri uamuzi wako mkubwa. Waliahidi muda, hawakuutimiza. Unaweza kulisema hilo leo, kwa maneno machache: mliniambia nifikiri, bango likatoka kabla sijajibu, nataka kujua nani aliidhinisha. Sikiliza watakavyojibu. Kuna tofauti kubwa kati ya meneja atakayesema "nimekosea, naliondoa" na yule atakayesema "mbona unakuza mambo". Huyo wa pili atakufanyia hivyo tena kwenye mambo mengine, uwe mbele ya pazia au nyuma.

Mama yako na rafiki yako wa kazini nao wana lao la kweli. Kanisani hakuna atakayekuuliza kuhusu mwonekano, na utulivu una thamani. Lakini nilivyokusoma, hukuniandikia ukitafuta mahali pengine pa kupiga kinanda. Kama nimekuelewa vibaya, niambie.

Binti yako anastahili jibu, na halihitaji kuwa jibu la mwisho. Unaweza kumwambia kwamba hujafukuzwa, kwamba kuna watu wanaotaka mama asionekane kwenye picha, na kwamba bado unafikiria utawajibu nini. Watoto wanaweza kukaa na swali lililo wazi. Akikuuliza kwa nini hawataki uonekane, mweleze kwa maneno yake, bila kuusema vibaya mwili wako mbele yake. Anakaribia umri ambao ataanza kuutazama wake.

Mume wako naye mwambie lile ambalo hujamwambia mtu, la kupumua. Anakushauri akiwa na nusu ya habari.

Ningeanza na Kaka, kabla ya meneja na kabla ya kikao kingine chochote. Mkae mahali pasipo vyombo wala wenzenu. Ukimaliza kuzungumza naye, na wakili akishausoma mkataba, niandikie tena. Kama meneja atakusukuma utie sahihi kabla ya hapo, mwambie unahitaji muda mpaka wakili wako amalize.

Shangazi